Mashine Iliyowekwa Kando ya Barabara

Kilole, Korogwe
Jumapili jioni

Mwanangu Halima,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako upande wa stesheni, nami nimepata nafasi ya kuandika bila wewe kuniuliza naandika nini. Nimejaribu mara mbili wiki hii kukuambia haya kwa mdomo, mara ya kwanza tulipokuwa tukichambua mchele, mara ya pili ulipokuwa ukipiga pasi magauni yako, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umenunua soksi. Kwa hiyo sitarudia habari za chandarua, maji ya kuchemsha wala jinsi ya kuwaamkia wazee wa Handeni. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na watu wa huko vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Nataka kukueleza juu ya mashine ya kusaga iliyoko katika kile kijiji cha nje kidogo ya Mkata. Ulipopokea barua ya kupangiwa kituo uliisoma kwa sauti hapa sebuleni: kwamba kazi yako ya kwanza, kama bibi maendeleo wa tarafa ile, ni kuwasaidia wanawake wa kijiji hicho kuandika ombi la fedha za serikali za kuihamisha mashine yao. Ulifurahi. Ukasema, "Mama, si ndiko ulikoanzia kazi?" Nikajibu ndiko, nikaenda jikoni. Hapakuwa na chungu chochote motoni.

Mashine hiyo iko mahali pasipofaa, na iko hapo kwa sababu yangu. Nimelizungusha neno hilo kichwani miaka mingi nikitafuta namna ya kulipunguza uzito. Kila ninapolipunguza naona ninajitetea, na kila ninapoliacha lilivyo naona ninajipa ukubwa nisiokuwa nao, kana kwamba hapakuwa na watu wengine katika ofisi zile. Utapima mwenyewe.

Mwaka tulipopata uhuru nilikuwa msichana wa shule ya bweni, na kama wenzangu niliamini kwamba kilichopungua nchini ni watu wanaojua kuandika. Wakoloni walikuwa wameandika kila kitu: mashamba ya mkonge, kodi, mipaka, majina yetu yenyewe. Sasa ilikuwa zamu yetu. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya nikuache Dindira kwa bibi yako, meno yako ya mbele yakiwa yameng'oka, nikaenda Chuo Kikuu. Bibi yako hakunizuia. Alikuwa ametoka kuchuma chai, kapu bado liko mgongoni, akaniambia, "Nenda. Lakini usirudi ukaongea nasi kama mtu anayesoma." Nilirudi nikiongea hivyo hivyo.

Darasani tulikuwa wasichana wachache. Nilipojibu swali kwa kutaja jambo la jikoni au la kisimani, wenzetu wa kiume walicheka, si kwa ubaya, na mhadhiri naye alitabasamu. Sikuwahi kulia kwa ajili hiyo. Nilijifunza tu kuyaondoa mambo ya namna hiyo katika maandishi yangu, na kadiri nilivyoyaondoa ndivyo nilivyozidi kusifiwa. Nilipohitimu nilikuwa naweza kuandika kurasa nyingi juu ya maisha ya kijijini pasipo kuonekana mwanamke hata mmoja akiinama. Nilidhani huo ndio usomi.

Nilifika Handeni wakati watu wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Tuliwakuta wakiishi ndugu kwa ndugu, nyumba nne hapa, tano kule, na tukawapanga katika mistari iliyonyooka. Bado siwezi kukuambia kwa hakika kwamba tulikosea. Shule ilikuja, zahanati ilikuja, na watoto ambao wangekufa hawakufa. Lakini mashamba ya watu yalibaki kule walikotoka, na wanawake waliozoea kutembea wakipita milango ya shangazi na mama wadogo walianza kutembea katikati ya pori, na kisha katikati ya watu wasiowajua. Kwenda kusaga ilibidi watoke alfajiri kwenda kijiji kingine na kurudi jua likizama. Mambo yalikuwa yakitokea njiani humo. Yalisemwa kwa nusu sentensi.

Kiongozi wao alikuwa Bi Mwantumu, Mzigua wa pale pale, mjane, mwembamba, mwenye mdomo. Alinijia ofisini bila miadi akakaa kwenye kiti cha mgeni kabla sijamkaribisha. "Tumesikia serikali ina fungu la akina mama," alisema. "Safari iliyopita mlituletea cherehani. Cherehani tunashukuru, ila njiani haitusindikizi. Tunataka mashine ya kusaga, tena iwe pale tutakapopachagua sisi." Nikamuuliza watapachagua vipi. Akasema, "Njoo kesho saa tisa alasiri, upepo ukiwa unavuma. Uje na viatu vya chini."

Walichokifanya siku ile sijakisoma katika kitabu chochote. Walitaka mashine iwe mahali ambapo mwanamke akipiga ukunga atasikika hadi nyumba ya mwisho. Lakini ukunga haupigwi kwa majaribio. Watu wangekuja mbio na mapanga. Kwa hiyo walikubaliana kuita jina la Mwanahawa, maana hapakuwa na Mwanahawa hata mmoja kijijini. Na kwa kuwa jioni kila nyumba inatwanga, msikilizaji naye ilimbidi awe anatwanga. Asikiaye akiwa amekaa kimya, walisema, hajapimwa. Katika nyumba ya mwisho walimweka Mwajuma, mke kijana mwenye watoto wawili, akapewa kinu na mahindi. Mchi wake ukinyamaza, tungejua amesikia.

Tulianzia kando ya barabara kuu, karibu na ofisi ya kijiji. Bi Mwantumu akaita. Lori likapita. Akaita tena. Kule mwisho mchi ukaendelea kutwanga, taratibu, kama saa ya ukutani.

"Hapa hata ukichinjwa," Bi Mwantumu akasema, "Mwajuma atamaliza kinu chake kwanza."

Walijaribu kisimani, wakajaribu nyuma ya zahanati. Tulipofika mgongoni mwa shamba la shule wakaniambia niite mimi. Niliita kama mtu anayemwita tarishi ofisini.

"Mtazameni Mshambaa," Bi Mwantumu akawaambia wenzake. "Kwao milimani mtu ananong'ona tu, mlima unampelekea. Huku bondeni, mwanangu, hakuna mlima wa kukubebea. Toa sauti ya tumboni."

Nikaitoa. Mchi ukanyamaza. Kisha kutoka kule mbali tukasikia sauti ya Mwajuma, nyembamba lakini safi: "Mwanahawa hayupo, kaenda Korogwe kununua kanga."

Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nami nilicheka. Wakachomeka mti ardhini mahali pale.

Sasa nifike kwenye kosa. Fomu ya kuomba fedha ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Sababu za kuchagua eneo." Mistari mitatu mitupu. Nilikaa nayo mbele yangu asubuhi nzima. Niliwaza yale maandishi yatakavyosomwa makao makuu ya mkoa: wanawake wameita jina la mtu asiyekuwapo, mwingine akaacha kutwanga, kwa hiyo mashine ijengwe nyuma ya shamba la shule. Nilikiona kile kicheko cha darasani. Zaidi ya hayo, mkubwa wangu wa kazi, mtu mwema na mchovu, alikuwa ameniambia, "Mradi wa wanawake peke yao hautapita. Tunajenga kijiji kimoja, hatujengi kijiji cha wanaume na kijiji cha wanawake. Andika ni mradi wa kijiji." Sikubishana naye. Nusu ya moyo wangu ilimkubali, na nusu hiyo haijafa hadi leo. Mashine ya kikundi kidogo ingekosa fundi na dizeli katika mwaka wake wa kwanza, na huenda alikuwa sahihi. Sijui.

Nikaandika: "Eneo litaamuliwa na serikali ya kijiji kwa kuzingatia urahisi wa usafiri." Ilikuwa sentensi nzuri. Hakuna ambaye angeweza kuicheka.

Ombi lilipita haraka kuliko maombi yote yaliyopelekwa mwaka ule. Halmashauri ya kijiji ilikaa, na wajumbe wake walikuwa wakuu wa kaya, maana katika daftari la kijiji mwanamke aliandikwa kama "na mke wake." Walisoma nilichokiandika na wakakifuata. Usafiri rahisi ni barabarani. Mashine ikajengwa kando ya barabara kuu, karibu na ofisi na kilabu cha pombe, mahali pale pale ambapo mchi haukunyamaza.

Siku ya ufunguzi wanawake walipika pilau na kuimba. Bi Mwantumu hakuimba. Alinifuata nilipokuwa nikipanga viti vya wageni.

"Wamesema ni kwa sababu gani, pale?"

"Dizeli, mama. Gari la dizeli haliwezi kufika kule ndani mvua zikinyesha."

Akaitazama ile mashine kwa muda. "Kumbe dizeli nayo inaogopa njia," akasema, akaenda kuosha sufuria.

Bado ningeweza kusema siku ile. Mgeni rasmi alikuwapo, na mkubwa wangu alikuwapo. Nilijiambia kwamba mashine mahali pabaya ni afadhali kuliko kutokuwa na mashine. Na kabla mashine haijatimiza mwezi, taarifa ya mwaka ilihitajika, nikaandika kwa mkono wangu kwamba wanawake wa kijiji kile sasa wanasaga kwa usalama na wanapata muda wa kujiendeleza. Nilikuwa sijamuuliza yeyote. Nilikuwa nimeandika kile ambacho mradi ulikusudiwa kuwa.

Ikawa magunia ya wafanyabiashara yanasagwa kwanza, kwa kuwa magari yao yanasubiri. Wanawake na vikapu vyao wakawa wanangoja hadi jua linakaribia kuzama. Jioni moja Mwajuma alitoka pale na unga wake kichwani. Alishambuliwa na watu wawili nyuma ya kilabu, mashine ikiwa bado inaunguruma. Alivunjwa mkono. Mengine aliyofanyiwa alimwambia Bi Mwantumu peke yake, nami sitayaandika.

Kikao kiliitishwa. Nilikuwapo, nimekaa meza ya mbele pamoja na viongozi, nikiwa na kalamu na daftari. Mwenyekiti wa kijiji alimuuliza Mwajuma mbele ya wote, "Mbona hukupiga ukunga?"

"Nilipiga."

"Nani aliyeusikia?"

Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma akasema labda alinong'ona, na wawili watatu wakacheka. Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Bibi maendeleo, wewe ni msomi. Unasemaje katika jambo hili?"

Halima, nilikuwa na jibu. Katika chumba kile hapakuwa na mtu mwingine aliyekaa meza ya mbele na kujua kwamba mahali pale palikuwa pamepimwa na kukataliwa, na aliyepapima ni mwanamke yule yule aliyesimama pale na mkono uliofungwa kwa kitambaa. Ningesema hivyo, mwenyekiti angeuliza kwa nini jambo hilo halikuandikwa, na jibu lake lilikuwa ni mimi. Nikasema, "Suala hili linahitaji kuangaliwa kwa upana wake." Mwenyekiti akanishukuru. Mwajuma alinitazama, bila hasira, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Kisha akakaa.

Kuna watu wanaochelewa kusema ukweli siku moja, kisha wakaweza kuirudisha siku hiyo. Mimi sikuirudisha. Nilichokifanya badala yake ni kuandika barua. Niliandika nikiomba mashine ihamishwe. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa na inashughulikiwa. Niliandika tena, nikajibiwa na mtu mwingine, aliyekuwa hajui habari ya barua ya kwanza, akitaka nianze upya. Nilipoandika mara ya tatu niliambiwa kwamba fungu la akina mama haliwezi kurudi katika kijiji kile, kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha mradi wao umekamilika na umefanikiwa. Wakaniambatishia nakala ya taarifa ya mwaka. Nilisoma maneno yangu mwenyewe yakinikatalia.

Siwezi kukueleza hasira ya miaka ile bila kuonekana nailaumu serikali, na sitaki ufike kazini ukiwa na chuki niliyokurithisha mimi. Fedha zile zilikuwa za kweli. Kulikuwa na watu katika ofisi zile waliotaka kwa dhati mwanamke wa Handeni atembee bila hofu na auze mahindi yake kwa mkono wake. Kinachonikera ni kwamba nia hiyo ilisafiri njia yote hadi ikanifikia mimi, mtu wa mwisho kabla ya wenyewe, nami nikaisafisha ikawa maneno. Wakati mwingine nafikiri fomu ile ingekuwa na mistari hamsini nisingeandika tofauti. Na wakati mwingine nafikiri hata ningeandika ukweli wote, halmashauri ingepeleka mashine barabarani vilevile, na Mwajuma angevunjwa mkono vilevile, nami ningekuwa na dhamiri safi isiyomsaidia mtu. Sijaamua. Najua tu kwamba hilo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na kwa hiyo siliamini sana.

Wanawake wengi walirudi kwenye vinu vyao. Mashine inasagia wafanyabiashara. Bi Mwantumu hakuacha kwenda ofisini. Kila afisa mpya aliyefika alimkuta amekwisha kaa kwenye kiti cha mgeni. Ni yeye, si barua zangu, aliyefanya ombi likubaliwe kupokelewa tena mwaka huu. Mwisho wa kupokea maombi ni mwisho wa mwezi. Likikataliwa safari hii, sidhani kama ataishi hadi mara nyingine, na sijui nani mwingine ana miguu ya kwenda.

Sasa nifike kwenye jambo la leo. Jumatano nilikupa rasimu ya ombi hilo, kurasa sita, nimeiandika kwa siku nne. Uliisoma ukaniambia, "Mama, hii imekamilika, mimi nibaki kutafuta sahihi tu." Nilijisikia vizuri kama sijawahi. Nilikuwa nimeyaweka yote: ukunga, mchi, upepo wa alasiri, nafasi ya mwanamke katika daftari la kijiji. Ilikuwa na aya moja juu ya Mwajuma ambayo niliisoma nikatokwa na machozi. Ndipo leo asubuhi, nikiosha vyombo, nikajiuliza ni nani kati ya wanawake wale ameniambia mwaka huu kwamba bado wanataka mashine iwe nyuma ya shamba la shule. Hakuna. Huenda pana nyumba mpya. Huenda shamba lenyewe halipo. Huenda Mwajuma hataki kuandikwa, na hasa na mimi. Nilikuwa nimekaa hapa Kilole, nimewaandikia tena watu sababu zao.

Ulipokuwa ukioga nimeitoa rasimu ile katika jalada lako nikawashia jiko la mkaa. Chai uliyoisifu imechemka kwa karatasi hizo. Haki yako kukasirika, na kama utachelewa mwisho wa mwezi kwa sababu hiyo nitakuwa nimewaharibia mara mbili, safari hii kwa kujali kupita kiasi. Nimelipima hilo pia, na sina hakika. Lakini una wiki tatu, na Bi Mwantumu yupo, na nakumbuka walivyomaliza kazi yao ya kupima kwa alasiri moja. Kaa nao kabla hujafungua kalamu. Wakikuambia jambo ambalo unaona aibu kuliandika, naomba uliandike hilo kwanza, kwa maneno yao, hata kama utadhani litachekwa. Sikuagizi. Nakuambia tu mahali nilipoteleza, kwa sababu utapita hapo hapo wiki ijayo.

Ombi halitaondoka kijijini bila kikao, na mwenyekiti atauliza kwa nini fedha za serikali zitumike kuondoa mashine inayofanya kazi. Niandikie siku ya kikao mara tu utakapoijua, nami nitapanda basi la asubuhi. Sitakaa meza ya mbele. Swali hilo likiulizwa nitasimama kulijibu mimi, kabla yako, na nitaanza na jina langu.

Mwajuma usimwambie kwamba nakuja. Amekwisha kuningoja vya kutosha; safari hii anione tu nimefika.

Mama yako